Chungu Chenye Lami Shingoni

Dorcus hakutaka kwenda Kipkelion.

Walio nasi tangu mwanzo wanamjua: mjane wa Jairus, mchuma majani chai wa Mogogosiek, mama aliyefungwa miezi tisa kwa kupika pombe ya busaa, na alipotoka jela akaonyeshwa kaburi la Dorine, mtoto wake wa pekee. Miaka kumi na tano imepita. Kanisani anaimba sauti ya pili na kupangusa viti kila Jumamosi. Habari ya busaa na jela hakuna mtu hapo anayeijua. Wiki jana tulimwacha juu ya lori la akina mama wa kanisa, mkono mmoja umeshika ubao, mwingine tumbo, akitafuta ugonjwa wa kumshusha.

Ugonjwa haukuja. Lori likaondoka.

“Dada Dorcus, mbona umenuna?” akauliza Mama Rebeccah, mwenyekiti wao. “Tunaenda kuona mahali Bwana ametutoa.”

“Hivyo vyungu vya pombe nikaone vya nini, mwenyekiti?”

“Ili usirudi huko!”

Lori zima likacheka. Dorcus naye akacheka, kwa meno tu.

Saa nne walikuwa Kipkelion, mbele ya godauni la zamani la reli. Mwalimu mstaafu, Isaiah, alikuwa amelikodi na kulijaza vyombo vya pombe za zamani alivyookota kwa watu kutoka Chepilat hadi Londiani. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa mkono wake: NYUMBA YA POMBE ZA WAZEE. Chini yake, kwa herufi ndogo: Ndani hakuna pombe.

“Mimi sijaonja tangu nizaliwe,” Mwalimu akawaambia. “Lakini baba yangu alikuwa na mrija wake wa maiyek, ile pombe yetu ya wimbi. Alipokufa, ndugu zangu wakataka kuuchoma kwa sababu tumeokoka. Nikawauliza, mkiuchoma, watoto watajua huyu mzee alikaa na nani, akaongea na nani? Pombe ilikuwa baraza, akina mama. Ilikuwa mahakama. Ilikuwa harusi.”

“Na vita nyumbani,” akasema Mama Rebeccah.

“Na vita nyumbani,” Mwalimu akakubali. “Hiyo pia tumeiweka. Sasa mimi naenda kuangalia chai yenu. Huyu msichana ndiye atawazungusha. Anaitwa Caren. Ananishinda kuongea.”

Msichana akasogea mbele. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi, sketi ndefu ya bluu, daftari kwapani.

Dorcus alipolisikia jina lile akatabasamu kidogo. Caren mmoja alimjua zamani, mtoto wa jirani yake Chepchumba. Caren na Dorine walizaliwa mwezi mmoja, wakanyonya chini ya kivuli kimoja, wakagombania kijiko kimoja. Siku ile Dorcus alipotoka jela, akiwa amepiga magoti kaburini, alimuuliza Chepchumba, “Na Caren wako?” Chepchumba akajibu, “Nimempeleka kwa nyanya yake, asishikwe na hii surua.” Dorcus akamshukuru Mungu kwamba walau mmoja alipona.

Huenda amekuwa mkubwa kama huyu, akawaza.

Caren alijua kazi yake. Akawaonyesha mirija mirefu iliyoning'inizwa ukutani, kila mmoja na jina la mwenyewe. Akawaonyesha chujio dogo la nyasi kwenye ncha ya mrija, linalozuia makapi yasipande. Akawaeleza wazee walivyokaa kuzunguka chungu kimoja kwa rika lao, na jinsi mtu mwenye kesi na mwenziwe hakuruhusiwa kutia mrija mpaka wapatane.

“Na wanawake walikuwa wapi?” akauliza Mama Rebeccah.

“Wanawake ndio walipika, mama. Wazee wakanywa, sifa wakachukua.”

Akina mama wakagongana mabega kwa kicheko. Hata Dorcus alianza kusahau tumbo lake.

“Upande huu sasa,” akasema Caren, “ni wa watu wa kambi. Wale waliotoka ziwani wakaja kuchuma chai, wakaja na busaa yao.”

Palikuwa na bati la kukaangia unga uliochacha. Palikuwa na kimera cha wimbi kwenye chupa, na gunia la kukamulia. Mwisho kabisa, juu ya meza peke yake, palikuwa na chungu kikubwa cheusi.

Chungu kile kilikuwa na ufa shingoni, na ufa ule ulikuwa umezibwa kwa lami.

Dorcus akashika bega la mwanamke aliyekuwa mbele yake.

Lami ile aliiomba Jairus kwa watu waliokuwa wakitengeneza barabara, akaileta nyumbani kwenye kopo la maziwa, akaipakaza kwa kijiti huku akiimba. Alikufa mwaka uliofuata kwa kifua. Chungu kilichorwa na mama yake Dorcus mwenyewe, kwa kamba ya mkonge, mistari mitatu na nusu. Ule wa nne mvua ilimkatiza.

Dorcus akahesabu mistari. Mitatu na nusu.

“Chungu hiki kina hadithi,” akasema Caren, “na hadithi yenyewe ni yangu. Naomba msinihurumie, nimeshazoea.” Akaweka daftari chini. “Mwanamke aliyenizaa alikuwa mpika busaa huko kambini. Siku moja askari wa chifu wakaja. Alikuwa na vyungu vinne. Akanichukua, nikiwa na miaka mitatu, akanikalisha juu ya kifuniko cha hiki, akanifunika blanketi, akaniambia nijifanye mgonjwa. Halafu akaruka dirisha, akaingia kwenye majani chai.”

“Yesu wangu!” mtu akasema nyuma.

“Vitatu walivivunja. Hiki hawakukiona kwa sababu mimi nilikuwa juu yake nalia. Lakini jikoni kulikuwa na sufuria ya maji moto. Mmoja akaipiga teke.” Akainua pindo la sketi. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa na ngozi iliyojikunja, inayong'aa kama plastiki iliyopita motoni. “Aliyenitoa hapo, mimi na chungu chenyewe, ni jirani, Mama Chepchumba. Ndiye mama yangu wa ukweli. Ndiye alinilea, akanisomesha mpaka form four. Yule mwingine alikimbia, hakurudi. Alikufa mlevi, kando ya barabara, Kisumu.”

Akina mama wakafyonya wote kwa pamoja.

“Mwanamke wa aina gani huyo?” Mama Rebeccah akapaza sauti. “Hata ng'ombe hawezi kukimbia aache ndama!”

“Alirudi.”

Neno lile lilimtoka Dorcus kabla hajalifungia meno. Vichwa vyote vikageuka.

“Umesema nini, dada?”

“Nimesema alirudi,” akasema Dorcus. “Huyo mwanamke alirudi kumtafuta mtoto wake.”

Caren alikuwa amemkazia macho. Paji lile la uso, pana, lenye kovu la tetekuwanga juu ya jicho la kulia. Dorcus ndiye aliyemkataza kulikuna.

“Dada Dorcus,” Mama Rebeccah akasema polepole, “wewe ulimjua huyo mwanamke?”

“Tulikaa kambi moja.”

“Na miaka yote hii hujawahi kutuambia?”

Mwalimu Isaiah akaita kutoka nje kwamba chai inapoa. Akina mama wakatoka mmoja mmoja, wakigeuka kumtazama, na Mama Rebeccah akatoka wa mwisho.

Wakabaki wawili. Mmoja alijua, mwingine hakujua.

*

“Mama,” Caren akasema, “sijawahi kukutana na mtu aliyemjua. Nikimuuliza Mama Chepchumba, anaanza kuumwa kichwa. Wacha nikuulize.”

“Uliza.”

“Alikuwa mlevi?”

“Hakuwahi kuonja. Alipika kwa sababu mume alikufa, na nyumba ya kambi wanampa mwenye kazi. Alitaka kukaa pale mpaka apate kazi ya kuchuma.”

“Alikuwa mrefu?”

“Kama wewe.”

“Alikuwa ananipenda?”

Dorcus alitazama bati la kukaangia unga. Akalitazama sana.

“Alikuwa anakupenda.”

“Na kukimbia? Alikimbia au hiyo pia ni uongo?”

Hapo, msomaji, palikuwa na njia mbili. Angeweza kusema alivutwa na askari, au alitumwa, au alikuwa kisimani. Msichana alikuwa tayari kuamini. Macho yake yalikuwa yanaomba kudanganywa.

“Alikimbia,” akasema Dorcus.

Caren akatikisa kichwa mara moja.

“Alidhani askari hawawezi kumgusa mtoto,” Dorcus akaendelea. “Alidhani baada ya nusu saa atarudi. Wakamshikia barabarani. Akafungwa miezi tisa.”

“Alinisikia nikilia? Wakati maji yalipomwagika?”

Jambo hili Dorcus hakuwahi kumwambia binadamu. Hata kwa Mungu alilipita, akaomba msamaha wa dhambi nyingine. Alikuwa amefika mstari wa kumi wa majani chai. Alisikia. Alisimama, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Halafu akaendelea kukimbia.

“Alikusikia.”

“Basi Mama Chepchumba hakudanganya,” Caren akasema kwa sauti ndogo. “Sehemu kubwa ni ukweli.”

“Sehemu kubwa ni ukweli.”

“Lakini alirudi.”

“Alirudi. Akaambiwa umekufa.”

Caren akakunja uso. “Na nani?”

Dorcus akaona alipokuwa anaelekea, akaogopa. Aliyemlea mtoto huyu alikuwa Chepchumba. Aliyempaka mafuta kwenye huo mguu alikuwa Chepchumba. Yeye Dorcus alikuwa na nini cha kumpa? Chumba kimoja cha kambi na jina baya.

“Mama yako Chepchumba,” akauliza badala ya kujibu, “yuko hai?”

“Yuko. Tena Desemba watu wa Benard, mchumba wangu, wanakuja kwa posa. Mama anajua hata atakaa wapi siku hiyo.” Kwa mara ya kwanza uso ule ulichangamka. “Ameshashona rinda.”

Basi Dorcus akaamua. Alikuwa amemwona. Alikuwa amesikia sauti yake. Miaka kumi na tano amepanda kule kambi ya juu kila Desemba na jembe, akapalilia kaburi dogo chini ya mikaratusi, na leo mtoto amesimama mbele yake, ana meno yote na ana mchumba. Mwenye kuomba zaidi ya hapo ni mlafi.

“Mungu akubariki, mwanangu,” akasema. “Wacha nikanywe chai.”

Alikuwa ameshafika katikati ya chumba.

“Ngoja! Mama ana kibanda cha mboga hapa hapa mbele ya stesheni. Hataki kuingia humu, anasema harufu ya vyungu inamchefua. Lakini akisikia kuna mtu wa kambi atakuja.” Na kabla Dorcus hajapata neno, msichana alikuwa mlangoni, mikono mdomoni. “Mama! Mama, njoo! Kuna mgeni hapa alimjua yule mwanamke!”

*

Chepchumba aliingia akifuta mikono kwa leso, anatabasamu kama mtu anayeitwa kuuziwa kitu. Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa zimeanza mvi.

Akamwona Dorcus, na tabasamu likabaki usoni peke yake, bila mwenyewe.

“Mama Dorine,” akasema.

Jina lile lilimponyoka kama lilivyokuwa likimtoka zamani, asubuhi, kuomba chumvi.

Caren akawatazama, mmoja, kisha mwingine.

“Dorine ni nani?”

Chepchumba akatafuta mahali pa kukaa.

“Mama, nimeuliza Dorine ni nani?”

“Ni wewe,” akasema Chepchumba. Akaketi kwenye kigoda cha mzee mmoja wa zamani, kigoda ambacho kibao chake kilisema kisikaliwe. “Hilo ndilo jina ulikuja nalo. Na huyu ndiye alikupa.”

Caren hakulia. Alirudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa meza, na mkono wake ukatafuta ukingo.

“Uliniambia alikufa.”

“Nilikuambia.”

“Na yeye ukamwambia mimi nimekufa.”

“Nilimwambia.”

Dorcus alikuwa amejiandaa miaka mingi kwa kila aina ya uchungu, lakini si huu. Alitaka kumrukia yule mwanamke, amshike shingo. Alitaka pia kumpigia magoti kwa ule mguu uliopona. Mwili haukujua ufanye lipi, ukasimama tu.

Halafu wazo moja likamjia, baridi, kutoka miguuni kwenda juu.

“Chepchumba,” akasema. “Kama huyu ni Dorine, Caren wako yuko wapi?”

Chepchumba akaanza kukunja leso. Akaikunja mara nne, mpaka ikawa ndogo kama sabuni.

“Wewe unapalilia,” akasema. “Watu waliniambia. Kila Desemba mwanamke wa kambi ya chini anapanda na jembe kupalilia kaburi ya mtoto. Waliniambia mpaka huku.”

“Chepchumba.”

“Ni yeye.”

Nje, akina mama walikuwa wakicheka jambo fulani kwenye chai.

“Wewe ulikuwa jela,” Chepchumba akasema, macho chini. “Sisi tulikuwa tumehamishwa kambi ya juu, mume wangu Kiplangat alipopewa unyapara. Huko hakuna mtu alitujua. Waliona tu mama na wasichana wawili. Surua ikaingia. Wote wawili walishikwa. Nililala katikati yao siku sita. Caren wangu akaenda Jumanne, karibu adhuhuri. Tukamzika siku hiyo hiyo kwa sababu ya ugonjwa. Kesho yake nikarudi kwa nyumba, nikalala, nikasema sitaamka tena. Huyu ndiye akaamka. Akanivuta leso. Akaniambia, ‘Mama, nataka uji.’”

Akaifungua leso mapajani.

“Hakusema mama Caren. Alisema mama. Nikapika uji.”

“Ungeniambia,” Dorcus akasema. “Ningekuja, tungelia pamoja.”

“Nilikuwa nikuambie! Naapa mbele ya Mungu. Lakini nilikuona ukipanda ile njia, umekonda, umevaa lile rinda la jela, na mtoto alikuwa ndani amelala. Nikafunga mlango. Mdomo ukasema kabla ya moyo. Nikasema amekufa, na kaburi si ilikuwa pale? Udongo ulikuwa bado haujakauka vizuri. Ukaanguka juu yake, ukalia. Ulilia, Mama Dorine! Ulilia mpaka nikakuonea wivu.”

“Wivu?”

“Ulikuwa unamlilia mtoto wangu. Mimi mwenyewe sijawahi kumlilia. Ningelia, watu wangeuliza ninamlilia nani na Caren huyu hapa? Nilikuwa nimeshampa huyu jina. Mwezi uliofuata tukahamia huku. Miaka kumi na tano sijakanyaga hapo. Wewe ndiye umekuwa mama yake.”

Dorcus akahisi jembe mkononi. Miaka kumi na tano ya magugu. Maua ya njano aliyopanda na ambayo hayakushika. Yale maneno yote aliyonong'ona pale, nisamehe Dorine, nisamehe niligeuka nikakimbia, yote yalimwangukia mtoto wa mwingine, aliyekufa bila kumkosea mtu na bila kukosewa.

“Nyathina,” akasema kwa Kijaluo, mwanangu, na hakujua anamwita yupi.

Caren akajitoa kwenye meza. Akamwendea Chepchumba, akasimama mbele yake.

“Kwa hiyo mimi nimevaa jina la mtu.”

“Mwanangu...”

“Kila ukiniita, ulikuwa unamwita nani?”

Chepchumba akarudi kuikunja leso.

Caren akamgeukia Dorcus. “Na wewe. Ulipokuwa hapa umeniambia ‘alikimbia’, ‘alikusikia’. Kama mtu mwingine.”

“Niliogopa.”

“Sema sasa. Sema kwa jina lako.”

Dorcus akavuta pumzi. Mbele ya akina mama wa kanisa, mbele ya hakimu, mbele ya Mungu, hakuwahi kulisema.

“Mimi, Dorcus, nilikukalisha juu ya chungu. Nikaruka dirisha. Nikasikia unalia. Nikaendelea kukimbia.”

Kuna kivuli kilisogea mlangoni. Mama Rebeccah alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi, na kwa uso wake alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Kikombe kilikuwa kimeinama, chai ikidondoka kwenye kiatu chake, na hakujali.

“Ah, dada Dorcus,” akasema. Hakuongeza neno. Dorcus akajua kwamba hataimba tena sauti ya pili, na ajabu ni kwamba halikumuuma.

“Tokeni nje,” Caren akasema.

“Mwanangu, sikiliza...”

“Tokeni wote. Nataka kufunga.”

Hakupiga kelele. Alisema kama anavyowaambia wageni saa kumi na moja jioni. Mama Rebeccah akatangulia. Chepchumba akainuka kwa kigoda, akayumba, na Dorcus, bila kufikiri, akamshika kiwiko. Wakatoka hivyo hivyo wameshikana, maadui wawili, kama wafiwa wanaosaidiana kutoka kaburini.

Mlango ukafungwa nyuma yao. Komeo likalia kutoka ndani.

*

Walikaa kwenye ngazi za saruji, kila mmoja upande wake. Akina mama wa kanisa walikuwa wamehamia kwenye lori, wamejipanga ubaoni. Mama Rebeccah alikuwa anawaambia jambo kwa sauti ya chini. Hakuna aliyecheka.

“Anapenda kujifungia,” Chepchumba akasema. “Tangu mdogo. Akikasirika anajifungia, halafu anatoka anaomba chakula.”

“Jairus alikuwa hivyo,” akasema Dorcus.

Chepchumba akatoa leso, akampa. Dorcus akaipokea, akafuta uso, akairudisha. Chepchumba naye akafuta wake pale pale palipolowa.

“Unanichukia?”

“Sijui. Sijafika huko bado.”

“Nitakuonyesha rinda nililoshona,” Chepchumba akasema, na akaanza kulia, kwa sauti kubwa, mdomo wazi, mikono imeshika kichwa. Dorcus hakuhitaji kuambiwa hicho ni kilio cha nani. Kilikuwa kilio cha Jumanne moja, karibu adhuhuri, kilichosubiri miaka kumi na tano. Akamwacha alie. Yeye cha kwake alikuwa ameshakimaliza, kwenye kaburi lile lile.

Kilio kilipopungua, Chepchumba akainuka, akagonga mlango.

“Caren! Caren, fungua, mama.”

Dorcus akainuka. Akaweka kiganja kwenye mbao. Jina lile hakuwa amelitamka kwa mtu aliye hai tangu mwaka wa themanini na moja.

“Dorine,” akaita. “Dorine, nyathina.”

Wakaita tena, huyu hili, yule lile, mara kwa zamu, mara pamoja, mpaka majina yakagongana na huwezi kujua nani kaita lipi. Ndani hakuna aliyeitika kwa jina lolote.

Ndipo Mwalimu Isaiah akatokea kwenye kona ya godauni, upande wa reli, anatembea haraka kwa mzee wa umri wake. Mkononi alikuwa na funguo.

“Mbona mnagonga? Hakuna mtu ndani. Ametokea mlango wa nyuma, amenikuta kwenye chai, akanipa hizi.” Akazitazama funguo kama alikuwa bado hajaelewa zimefikaje kwake. “Ameniomba ruhusa ya siku tatu. Nimempa, ningemnyima vipi? Anasema amefiwa.”

Akavua kofia. Akamtazama Chepchumba na macho yake mekundu, akamtazama huyu mama mgeni mwenye macho kama yale.

“Poleni sana. Lakini hakuniambia. Jamani, ni nani amekufa?”

Wale mama wawili wakatazamana, na kila mmoja akamwachia mwenzake ajibu.